Ulifikia kwa Nani? Namna ya Kulinganisha Safari za Familia Zetu

Pale Nungwi, upande ambao mafundi wanaunda majahazi, kuna gogo la mwembe ambalo kwa miaka mingi limekuwa baraza. Jioni moja ya Agosti, kusi inavuma na mchanga unapiga miguu, nilimkuta hapo fundi mkongwe akinoa tezo lake, pembeni yake kijana wa Kimasai anayelinda hoteli ya jirani, na mama wa Kipemba aliyetua beseni lake la mihogo ya kukaanga. Nilikuwa na daftari na kalamu. Nilitaka kuandika jinsi familia za makabila mbalimbali zilivyofika kijijini kwetu, nikaanza na kijana: "Wewe kabila gani, na umetoka wapi?" Aliliangalia daftari kabla hajaniangalia mimi. "Mimi nimeshajiandikisha kwa sheha," akasema, akachukua rungu lake akaenda zake.

Fundi hakuinua macho. "Hivyo anauliza askari," akaniambia. "Wewe muulize alifikia kwa nani."

Kesho yake nilikwenda mikono mitupu. Nilimtaka radhi kijana, kisha nikamuuliza: siku ya kwanza aliposhuka bandarini Malindi, pale Mjini Unguja, alifikia kwa nani? Akakaa. Alifikia kwa mtu wa rika la kaka yake, ambaye alimgawia nusu ya godoro, akamfundisha maneno ishirini ya Kiitaliano na kumpeleka kwa mkuu wa walinzi. Tulizungumza mpaka adhana ya magharibi, na yule mama wa Kipemba, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, akaingia na yake: yeye alifikia kwa mawifi, na asubuhi ya kwanza walimpa kisu na kapu la changu apare, wamtazame mikono.

Makala haya ni kwa yeyote anayetaka kufanya kazi hiyo: mwalimu mwenye darasa la watoto wa kila asili, kijana anayetaka kuwajua bibi zake, au jirani aliyechoka kusikia "wale" na "sisi". Nitaeleza ninavyofanya mimi, na wapi nilikosea.

Swali la kuanzia

"Umetoka wapi" hapa kwetu ni swali lililobeba mizigo. Linaulizwa bandarini, linaulizwa na sheha ambaye ni wajibu wake kumjua kila anayeingia shehia yake, linaulizwa na mwenye nyumba kabla hajapangisha, na miaka ya uchaguzi linaulizwa kwa sauti nyingine kabisa. Anayeulizwa huanza kujitetea. "Ulifikia kwa nani" linamtaka amtaje mtu aliyemfanyia wema, na mtu akishamtaja mwema wake hawezi kunyamaza hapo. Ataeleza nyumba ilikuwa upande gani, walikula nini usiku ule, na siku gani aliambiwa sasa ujitegemee.

Uzuri wa jibu ni kwamba linalinganishika. Mshihiri aliyetoka Hadhramaut alifikia dukani kwa ami yake, akalala juu ya magunia, akafanya kazi kwa chakula na nguo mpaka alipojua bei na watu. Kijana wa Kihindi kutoka Kachi alifikia kwa mtu wa jamaati yake, akakaa nyuma ya kaunta hadi alipoaminiwa bidhaa za kufungulia duka la shamba. Mngazija alitafuta watu wa mji wake. Mmasai anatafuta rika. Mzanzibari aliyekwenda Maskati baada ya 1970, Sultan Qaboos alipochukua utawala na kuwaita Waomani waliotawanyika, alifikia kwa khali au kwa mtu aliyesoma naye skuli hapa Mjini. Ziweke safari hizo pamoja na utaona jambo ambalo orodha ya makabila haikuonyeshi: ni nani alikuwa na mlango wa kufikia na nani hakuwa nao. Kwa niliyoyasikia mpaka leo, mlango huo umeamua maisha ya mhamiaji kuliko kabila lake, na kuliko hata fedha aliyokuja nayo.

Anza na nyumba yako

Kabla hujamwendea jirani, jibu wewe. Sisi wa Nungwi tuna mazoea ya kusema kwamba wageni ni wale wa hotelini na wale wa bara, na sisi tupo tangu dunia iumbwe. Nilipokaa na mama yangu nikamuuliza kwa utaratibu, ilibidi nibadilishe kauli. Babu yangu mzaa mama alizaliwa Tumbatu, akaja Nungwi kwa kazi ya kuunda vyombo, akafikia kwa shemeji yake. Kila mwaka alikuwa akienda dago, yaani kuweka kambi ya uvuvi mbali na kwao, vibanda vya makuti ufukweni, mpaka upepo ugeuke. Alifika Vanga na Shimoni, upande wa Kenya. Huko waliwaita wote Wapemba, Mtumbatu na Mpemba sawasawa, na yeye hakujisumbua kuwasahihisha.

Wenzake wengine hawakurudi. Wavuvi wa Kipemba waliobaki Kwale na Kilifi walizaa watoto na wajukuu ambao kwa miaka hawakuwa na kitambulisho cha Kenya, na bila kitambulisho mtu hapati leseni ya uvuvi kwa jina lake, hafungui akaunti benki, na mtoto hukwama mtihani unapokaribia. Serikali ya Kenya iliwatambua kuwa moja ya makabila ya nchi hiyo mwaka 2023. Wamakonde walikuwa wamewatangulia: Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa maandamano ya miguu kwenda Ikulu ya Nairobi kudai uraia, na mwaka uliofuata wakaanza kupata vitambulisho.

Sasa weka hilo mbele ya Mmakonde anayeuza vinyago kwenye njia ya kwenda pwani hapa Nungwi, ambaye tunamwita mtu wa bara. Yeye ni Mtanzania, hahitaji viza wala kibali cha nchi ya kigeni, lakini muulize ilimchukua miaka mingapi kabla hajaalikwa harusini. Mpemba aliyekwenda Kilifi na Mmakonde aliyekuja Nungwi wana mengi ya kuambiana kuliko Mpemba huyo na ndugu yake aliyebaki Wete. Ukishaliona hilo katika familia yako mwenyewe, utamwendea jirani kwa unyenyekevu unaofaa.

Usiwasahau walioolewa. Mwanamke aliyetoka Pemba, au Makunduchi, au Tanga, akaja Nungwi kwa ndoa, amehama kama alivyohama mwanamume aliyekuja kutafuta kazi. Tofauti ni kwamba hakuna anayemhesabu. Nimewahi kukaa katika nyumba ambayo baba alinieleza kwa saa nzima kwamba familia yao haijapata kuhama, na mkewe, mama yake na bibi yake wote watatu walizaliwa vijiji vingine.

Karatasi yenyewe

Chukua karatasi pana, uilaze. Kila familia ipate mstari wake. Kichwa cha mstari kiwe namba au jina ambalo wenyewe wamekubali, na kabila usiliweke mwanzo; liweke safu ya mwisho kabisa, kwa maneno ya msemaji mwenyewe. Safu nyingine zangu ni hizi: majira na mwaka wa safari, kilichomsukuma au kumvuta, chombo alichopanda, aliyemtangulia, aliyempokea, kazi ya kwanza, aliyebaki nyuma, kinachopelekwa nyumbani, na maneno ya lugha ya zamani yaliyobaki ndani ya nyumba. Usiongeze sana. Nilianza na safu kumi na tisa, na hakuna familia hata moja niliyoimaliza.

Majira ndiyo yaliyonifunza zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mshihiri na Mmanga, yaani Mwarabu wa Oman, walikuja na kaskazi, kati ya Disemba na Machi, wakarudi na kusi. Mvuvi wa dago anahesabu bamvua na kugeuka kwa upepo. Mlinzi wa Kimasai huja Nungwi kabla ya msimu wa watalii wa katikati ya mwaka, na masika ya Aprili na Mei, hoteli nyingi zikiwa zimefunga milango na barabara zimejaa maji, hurudi kwao na fedha ya ng'ombe. Nilipoandika majira ya hawa wote kwenye safu moja, nikakuta nina watu wa kazi moja: wanaishi kwa msimu, wanaacha nyumba mahali pengine, na kila mwaka wanaamua upya kama watarudi. Upepo wa mmoja unajaza tanga, wa mwingine unaleta ndege kutoka Milan.

Kila msimu kuna waliokosa upepo wa kurudi. Chombo kimevunjika mkuku, hesabu ya fedha haikutimia, kuna msiba nyumbani usioweza kutazamwa usoni, au amepata mke. Hao ndio waliozaa familia. Ndiyo maana swali langu la pili, baada ya la mlango wa kufikia, ni hili: "Msimu gani hukurudi, na ulikuwaje?" Mshihiri wa kizazi cha tatu na Mchaga mwenye duka la vipuri watakujibu kwa maneno yanayokaribiana mpaka utashangaa.

Safu ya lugha iulizwe jikoni. Ukimuuliza mtu "mnazungumza Kikachi?" au "unajua Kingazija?" atakwambia hapana, aone haya, na mlango umefungwa. Muulize mtoto anamwita nani bibi yake, wanasemaje mtoto akianguka, na wanahesabu vipi wanapopima mchele. Wangazija humwita bibi koko, na Wamasai nao humwita bibi koko. Lugha mbili zisizo na udugu wowote. Nilipowaambia hilo watoto wa darasa moja, msichana wa Kingazija na mvulana wa Kimasai walitazamana kama waliokuta wanatumia kiraka kimoja cha nguo. Kwa wiki nzima walikuwa wanaitana koko.

Kinachopelekwa nyumbani pia kina mengi. Kuna anayetuma fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi, kuna anayetuma mbao za kujengea, kuna aliyekuwa akituma karafuu na ubani kwa jahazi. Muulize pia aliyewahi kuacha kutuma. Mara nyingi hapo ndipo ulipo mwaka ambao familia ilianza kuwa ya hapa.

Mwaka wa nini?

Wazee hawahesabu miaka kwa namba, na ukiwalazimisha watakupa namba yoyote ili uridhike. Wape tukio. "Ilikuwa kabla au baada ya Mapinduzi?" ni swali ambalo kila mtu hapa anaweza kulijibu, na jibu lake litakuwa sahihi, maana Januari 12, 1964 iko mioyoni. Kwa hadithi za mababu kuna kimbunga cha 1872, kilichong'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo vya Sultan Seyyid Barghash. Kwa watu wa bara, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ni alama nzuri. Kwa waliokuja Nungwi karibuni, uliza kama walikuwapo usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba na watu wa kijiji hiki wakatoka na vyombo vyao gizani kuokoa. Uliza kwa upole, na kama aliyekaa mbele yako ni mtu wa Pemba, acha akutazame yeye kwanza. Aliyekuwapo usiku ule, awe Mtumbatu, Mmasai au Msukuma, anazungumza kama mtu wa Nungwi. Nilishangaa mara ya kwanza, siku hizi natarajia.

Mahali na saa navyo vina kazi. Baraza ya wanaume baada ya alasiri ni nzuri kwa vyombo, bei na njia. Uwani, wanawake wakipara samaki au wakisuka ukili, ndiko utakakosikia nani alilia, nani hakuaga, na mtoto gani aliachwa kwa shangazi akidhani mama anarudi Ijumaa. Kama wewe ni mwanamume, mtume dada yako au mkeo, na karatasi iandikwe kwa jina lake pia. Simu ya kurekodi itoke mfukoni baada ya kuombewa ruhusa, na irudi mfukoni mara tu mtu anapoanza kuitazama kila anapotaja jina. Daftari langu mimi siku hizi hubaki nyumbani. Nasikiliza, narudi, naandika usiku ule ule kabla sijalala.

Jina la kabila ni jibu la siku ile

Nimesema kabila liandikwe mwisho, na wengine watauliza kwa nini, ikiwa shabaha ni kulinganisha makabila. Ni kwa sababu kabila ndilo linalobadilika kuliko safu zote. Hesabu za watu za Zanzibar za 1924 na 1931 zinaonyesha wanaojiita Waswahili wamepungua kwa maelfu ndani ya miaka saba, na Washirazi, Wahadimu na Watumbatu wameongezeka. Hakuna maradhi yaliyopita. Watu walijiandika upya, kwa kuwa jina Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa machoni pa wengi, na jina jingine lilifungua haki au heshima fulani. Kwa hiyo ukikuta karatasi ya babu imeandikwa kabila tofauti na analosema mjukuu, usimwite mmoja mwongo. Andika yote mawili, na mwaka kando ya kila moja.

Mtazame Seyyid Ahmed bin Sumeit, mwanachuoni aliyekuwa kadhi hapa Unguja. Ukoo wake ni wa Hadhramaut. Yeye alizaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861, akafariki Zanzibar mwaka 1925. Katika karatasi inayoanza na kabila utampanga wapi? Katika karatasi inayoanza na safari anakaa bila taabu yoyote, na anakufundisha kwamba Hadhramaut, Ngazija na Unguja zilikuwa vyumba vya nyumba moja kwa watu wa elimu ya dini.

Au uwatazame wale wanaoitwa Wazanzibari huko Durban, Afrika Kusini. Mababu zao walikombolewa na manowari za Waingereza kutoka majahazi ya watumwa, wakaanza kushushwa Durban mwaka 1873 wakitokea Zanzibar. Wengi wao walikuwa Wamakua, watu wa Msumbiji. Jina la bandari waliyopitishwa likawa jina lao. Ndiyo maana ninawaambia vijana wasitosheke na jina la ukoo wala la kabila; wafuatilie njia.

Mabishano kuhusu Ushirazi yatakuja tu, hasa hapa kaskazini. Mwaka 2023 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, wakaona kwamba tangu kama miaka elfu moja iliyopita wanawake wa Kiafrika na wanaume kutoka Uajemi walikuwa wamezaa pamoja. Ni habari ya thamani kubwa, na mtu mzima anayejiita Mshirazi hana deni la kuithibitisha kwako barazani. Uliyemwendea akisema mababu zake walitoka Shirazi, muulize walifikia kwa nani. Nimewahi kujibiwa: "Kwa mwanamke wa hapa, mwenye kisima." Jibu hilo limekaa kwenye karatasi yangu kama lilivyo.

Karatasi za serikali na za dini nazo zitafutwe, lakini baada ya kusikiliza, ili ujue unatafuta jina gani. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina hazina kubwa ya enzi za masultani na Waingereza. Ulizia kwanza kuhusu kibali. Kwa familia za Kigoa na za Kikristo, uliza vitabu vya ubatizo vya kanisa lao. Familia za Kihindi mara nyingine zina daftari za biashara zilizoandikwa Kigujarati, zimefungwa kwa kitambaa chekundu ndani ya sanduku ambalo vijana hawajui hata lina nini. Mtafute mzee wa kuzisoma kabla hajaondoka.

Pale penye kidonda

Kuna familia ambazo swali langu halizifai, nami nililiuliza bila kufikiri. Bibi mmoja wa Mjini, mwenye sauti ndogo, aliniambia: "Babu yetu alikuwa Mmanyema. Hakufikia kwa mtu. Alifikishwa." Akanyamaza, nami nikanyamaza. Tangu siku hiyo karatasi yangu ina alama kwa waliofikishwa, na ninaiheshimu kuliko nyingine zote. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na hali ya utumwa kisheria ikafutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini watu hawakurudishiwa majina wala njia ya kwenda kwao. Wengi walichukua jina la ukoo wa mwenye shamba, wengine wakabaki na jina la kabila pekee, Mnyasa, Myao, Mzaramo. Mtu akikutajia hilo na kunyamaza, usimsukume. Kamwe usiwe wewe wa kwanza kusema mbele ya watu kwamba babu wa fulani alikuwa mtumwa, hata kama umekuta maandishi. Hiyo ni amana ya wenyewe.

Vivyo hivyo 1964. Kuna waliouawa jamaa zao, kuna waliokimbia kwa vyombo vidogo kwenda Mombasa, Dubai na Oman, na kuna ambao mwaka ule kwa mara ya kwanza walipata ardhi na skuli. Wote wako kijiji kimoja, mara nyingine nyumba moja. Usiwaweke kwenye mizani. Nimewaona watu wazima wakichukua 1873 na 1964 na kushindanisha nani aliumia zaidi, na kila mara wote wawili waliondoka wakiwa na machache kuliko waliyokuja nayo. Kilichonisaidia ni kuuliza kila upande maswali matatu yale yale: nani alikufungulia mlango, nani alibaki nyuma, na kitu gani cha nyumba ile unakikumbuka kwa mkono. Bwana mmoja aliyekulia Maskati alinitajia komeo la mbao la mlango wa uwani, lilivyokuwa likikwama wakati wa masika. Mwanamke aliyezaliwa Ng'ambo ya Mjini, Michenzani, baba yake akiwa Mnyamwezi, alinitajia mpini wa jembe uliong'aa kwa jasho. Nimeiandika mistari hiyo miwili mmoja chini ya mwingine bila neno la katikati.

Watoto skulini wasianzie hapo. Waanze na watu wanaojulikana, ambao maisha yao yamekwishasemwa hadharani. Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 katika familia ya Kiparsi, baba yake akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Waliondoka kwenda Uingereza mwaka 1964. Abdulrazak Gurnah, aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, alizaliwa hapa mwaka 1948 akaondoka mwishoni mwa miaka ya 1960, naye kwenda Uingereza, akasoma Canterbury. Kisiwa kimoja, nchi moja ya kwendea, miaka isiyozidi mitano kati yao. Waambie wanafunzi wajaze safu za wawili hao, wajadiliane kwa nini hazifanani, kisha ndipo waende kwa bibi zao. Na kila mtoto awe huru kuleta safari anayoitaka yeye, hata kama ni ya shangazi aliyehamia Matemwe juzi.

Kurudisha

Safari uliyosimuliwa uirudishe kwa mwenyewe ukamsomee kabla hujamsomea mwingine. Majina yaondolewe asipotaka. Mtu ambaye karatasi zake za ukaazi hazijatimia, usiandike mwaka aliofika wala nyumba anayolala, hata kwa mafumbo. Andika kazi yake ya kwanza na koko wake, inatosha. Kisha, mkikubaliana, wakutanisheni wawili wawili. Siwapendekezei mkutano wenye maspika na viti vya plastiki. Gogo linatosha, na kahawa.

Na tumia penseli. Mama yangu mkubwa nimemsomea mstari wa babu mara tatu. Mara ya kwanza alinisahihisha jina la chombo. Mara ya pili alisema shemeji aliyempokea babu hakuwa shemeji bado, dada alikuwa hajaolewa. Aliyempokea ni rafiki tu, ushemeji ulikuja baadaye kwa sababu ya mapokezi yale. Mara ya tatu alichukua karatasi mkononi, akaisogeza dirishani penye mwanga, akaniuliza safu ya aliyebaki nyuma mbona tupu, akanitajia jina la mwanamke wa Tumbatu ambalo katika nyumba yetu sikuwahi kulisikia.